Pesa Inayooza na Zaka: Je, Ni Kitu Kimoja?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alituletea swali baada ya sala ya Alasiri. Alikuwa amesoma habari za pesa ambayo hupungua thamani yake kila mwezi, kwa makusudi, ili watu wasiifungie ndani. Waliobuni pesa hiyo wanaahidi kwamba kwa njia yake patakuwa na jamii ambayo haina riba, haina watu wasio na kazi, wala misitu yake haikatwi kwa pupa. Akauliza: "Sheikh, hii si ndiyo zaka yetu, wameichukua wakaibadilisha jina?" Mwenzake aliyekaa pembeni hakungoja jibu. Akasema: "Hiyo ni riba iliyopinduliwa kichwa chini, miguu juu."

Tuliwaambia wote wawili kwamba wamefanya haraka. Wanavyuoni wetu wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Kwa hiyo katika makala haya tutakieleza kwanza kitu chenyewe kwa uadilifu, kama wenyewe wanavyokieleza, kisha tutakipima kwa mizani ya Fiqhi na Historia.

WANAOLALA NA KUAMKA

Kuota jamii njema ijayo ni desturi ya zamani huko Ulaya na Marekani. Mwaka 1888 mwandishi wa Marekani, Edward Bellamy, alitoa kitabu kuhusu mtu wa mji wa Boston aliyelala mwaka 1887 akaamka mwaka 2000. Anapoamka anakuta pesa imefutwa. Kila raia hupewa na taifa haki yake ya mwaka, sawa kwa wote, nayo huandikwa katika kadi. Wote hufanya kazi katika jeshi moja la uzalishaji, kuanzia umri wa miaka 21 mpaka 45. Kitabu kile kilisomwa sana, na vyama viliundwa kwa ajili ya kukitekeleza.

Msomaji wa Qur'an hawezi kusikia habari za mtu aliyelala zama nyingi akaamka bila ya kuwakumbuka Watu wa Pangoni. Mwenyezi Mungu (S.W.) anatueleza katika Surat al-Kahf, aya ya 19, kwamba walipoamka walimtuma mmoja wao mjini na sarafu yao ya fedha, wakamuusia atazame chakula kipi kilicho safi zaidi, na awe mpole. Hebu tuzingatie tofauti iliyopo. Yule wa Bellamy anaamka na kukuta sarafu haipo, na kutokuwapo kwake ndiyo furaha yake. Hawa wetu wanaamka na sarafu ingali mkononi, na wanachojali ni usafi wa kile kitakachonunuliwa nayo. Qur'an haikuifanya sarafu kuwa adui. Iliuliza juu ya mkono unaoishika na kitu inachonunua. Tutaona kuwa mjadala wote huu unarudi hapo.

HOJA YA GESELL

Ndoto ya Bellamy ilikuwa ya kuifuta pesa. Baada yake alikuja mtu mwingine aliyetaka ibaki, lakini ioze. Huyu ni Silvio Gesell, mfanyabiashara wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1862 na kufa mwaka 1930. Alifanya biashara Buenos Aires nchini Argentina, na huko aliona kwa macho yake jinsi pesa inavyoadimika na biashara zikafa hali ya kuwa bidhaa zipo na wafanyakazi wapo. Mwaka 1916 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu mfumo wa uchumi wa kimaumbile.

Hoja yake ni nyepesi kuifahamu, hasa kwa mtu anayekwenda sokoni. Muuza nyanya hawezi kusubiri, kwani nyanya zitaoza. Muuza nafaka ana wadudu na panya. Mwenye chuma ana kutu. Mwenye nguvu zake za mikono ndiye mwenye hasara kubwa zaidi, maana siku ikipita bila ya kazi hairudi tena. Mwenye pesa peke yake ndiye anayeweza kukaa na kusubiri bila ya kupungukiwa na kitu. Kwa kuwa anaweza kusubiri na wengine hawawezi, huwadai malipo ili aitoe pesa yake, na malipo hayo ndiyo riba. Basi, akasema Gesell, tuifanye pesa ioze kama vinavyooza vitu vingine. Alipendekeza noti ambayo kila wiki mwenye kuishika lazima aibandike stempu yenye thamani ya sehemu moja ya elfu ya noti hiyo, sawa na 5.2% kwa mwaka. Asiyetaka kulipia stempu ataitumia haraka, au ataikopesha bila ya riba.

Tunasema wazi: mtu huyu hakuwa Mwislamu, lakini aliichukia riba kwa dhati na akaona madhara yake kwa mnyonge. Haki hukubaliwa kwa yeyote aliyeisema.

YALIYOTOKEA WÖRGL

Gesell hakuishi kuona mawazo yake yakijaribiwa kama yalivyojaribiwa Wörgl, mji mdogo wa jimbo la Tyrol nchini Austria. Mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia, viwanda vilifungwa, watu walikosa kazi, na baraza la mji halikuweza kukusanya kodi. Meya wa mji, Michael Unterguggenberger, alikuwa amekisoma kitabu cha Gesell. Mwezi wa Julai mwaka huo baraza lilitoa hati zake za shilingi 1, 5 na 10, zikiwa na dhamana ya shilingi za serikali zilizowekwa benki, na wafanyakazi wakalipwa kwa hati hizo. Kila mwezi mwenye hati alitakiwa kubandika stempu ya 1% ya thamani yake. Aliyetaka kuzibadilisha kwa shilingi za serikali alikatwa 2%.

Matokeo yake yalistaajabisha. Hati zilizunguka kwa kasi, watu wakalipa kodi walizokuwa wakidaiwa, barabara zikatengenezwa na daraja likajengwa. Miji mingine ya Austria ikataka kuiga. Benki Kuu ya nchi hiyo ikaona haki yake ya pekee ya kutoa pesa imevamiwa, na Septemba 1933 majaribio yakasimamishwa. Yalidumu miezi kumi na minne hivi.

Kisa hiki kimekuwa kama dalili kuu kwa wanaoota uchumi mwingine. Aliyekifufua kwa nguvu katika zama zetu ni Mbelgiji Bernard Lietaer, aliyewahi kufanya kazi katika Benki Kuu ya nchi yake na kufariki mwaka 2019. Kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu mustakabali wa pesa kilitazama mbele hadi mwaka 2020, kikichora jamii yenye neema isiyoharibu ardhi. Hoja yake mpya ni hii: riba humfanya mtu aidharau kesho. Shilingi ya leo ikiwekwa benki itazaa, kwa hiyo msitu ukatwe leo na thamani yake ipelekwe benki. Lakini pesa ikiwa inapungua kila mwezi, mtu ataona heri kuwa na mti unaokua kuliko kuwa na noti inayosinyaa. Kwa njia hiyo, anasema, pesa yenyewe itamfundisha mwanadamu kutazama mbali.

Mwaka 2020 umekuja na kupita. Benki Kuu ya Ulaya yenyewe iliweka kiwango cha chini ya sifuri kwa amana za mabenki kuanzia mwaka 2014 mpaka 2022, yaani aliyeweka ndiye aliyelipa. Hilo si sawasawa na mpango wa Gesell, wala hatutamhukumu kwa hilo. Lakini linatuonyesha kwamba kuishusha riba hadi chini ya sifuri peke yake hakuleti hiyo jamii iliyoahidiwa.

JE, HII NI ZAKA?

Sasa tumrudie kijana wetu wa kwanza. Mfanano upo, wala hatuukatai. Zaka nayo huipunguza mali iliyolala. Ndiyo maana Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), katika riwaya iliyomo ndani ya Muwatta ya Imam Malik, aliwaamrisha walezi wa mayatima waifanyie biashara mali ya mayatima ili isije ikaliwa na zaka. Huo ni ushahidi kwamba Maswahaba walijua kuwa zaka huisukuma mali itoke ndani iende sokoni. Pamoja na hayo, tofauti ni nne, na kila moja ni kubwa.

Ya kwanza: Nani anayeadhibiwa? Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111), katika Ihya, mlango wa subira na shukurani, ameeleza kuwa dinari na dirhamu ni mfano wa hakimu baina ya mali za watu. Zenyewe hazitakiwi kwa nafsi zake, bali kwa ajili ya kupimia vitu vingine. Anayezirundika ni kama aliyemtia hakimu kifungoni, hukumu ikasimama na watu wakapotea. Gesell aliona kifungo hichohicho baada ya miaka mia nane. Lakini dawa yake ni kumdhoofisha hakimu, ili asiwe na faida kwa anayemfunga. Fiqhi inamwacha hakimu na nguvu zake, na inamshika aliyemfunga. Hakimu anayedhoofika kila mwezi hawezi kuwa mizani ya uadilifu. Mwanamke anayedai mahari yake iliyocheleweshwa, mfanyakazi anayedai ujira wake, yatima anayedai mirathi yake, wote hawa wanahitaji kipimo kisichoyeyuka. Al-Maqrizi aliyaona Misri, mwanzoni mwa karne ya tisa ya Hijria, madhara ya pesa iliyoharibiwa: watawala walipojaza fulusi za shaba, bei zilipanda na wenye ujira maalumu wakaangamia. Kweli, Gesell hakukusudia mfumuko wa bei, bali alitaka bei zitulie. Lakini mwenye haki yake anayelipwa kwa noti, akaiweka kwa kuwa hana budi kuiweka, hasara humfika vilevile.

Ya pili: Kiwango. Zaka ina nisabu: dirhamu mia mbili za fedha au mithqali ishirini za dhahabu, ambazo kwa vipimo vya leo wanavyuoni wengi wanakadiria kuwa gramu 595 za fedha au gramu 85 za dhahabu. Tena mali lazima ipitiwe na mwaka mzima. Aliye chini ya hapo hadaiwi kitu, bali huenda yeye ndiye wa kupewa. Stempu ya Wörgl haikuuliza. Kibarua mwenye hati moja ya shilingi kumi, aliyeiweka kwa ajili ya dawa ya mwanawe, alilipa 1% sawa na mwenye hati mia. Na tuangalie ukubwa wake. Mtu mwenye shilingi milioni 100 zilizolala, akitoa zaka 2.5% kila mwaka kwa miaka kumi, zitabaki kama milioni 77.6. Zikikatwa 1% kila mwezi kwa muda huohuo, zitabaki kama milioni 29.9. Ya kwanza humwamsha mwenye mali, na ya pili humkimbiza.

Ya tatu: Mali ipi? Hapa tutamtaja mchumi Mwingereza John Maynard Keynes, aliyeandika mwaka 1936 kwa kumheshimu sana Gesell, lakini akalionyesha tundu lililo katika mpango wake. Noti zikiwekewa stempu, alisema, watu watakimbilia vitu vingine vinavyoshika nafasi ya noti: amana za benki, pesa za kigeni, vito na madini ya thamani. Tunaongeza kuwa maskini hana pa kukimbilia. Ni tajiri ndiye mwenye dhahabu na akaunti ya ng'ambo. Sasa itazame Fiqhi ya zaka: dhahabu imo, fedha imo, bidhaa za biashara zimo, wanyama wamo, na mazao yamo kwa kiwango chake cha sehemu ya kumi au nusu yake. Hata pale wanavyuoni walipohitilafiana, kama vile vito vya mwanamke vya kujipamba ambavyo Mahanafi wanavitolea zaka na kauli yenye nguvu kwa Mashafi wanavisamehe, hitilafu yenyewe inaonyesha kwamba mlango ule waliuona na wakaujadili. Zaka haikuisaka noti peke yake.

Ya nne: Nia na wanaopewa. Zaka ni ibada, haisihi ila kwa nia, na wanaostahiki ni aina nane zilizotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Makato ya pesa ni ushuru. Kwa hiyo anayekatwa kila mwezi hajatoa zaka, hata akikatwa mara tano ya zaka. Tunalisisitiza hili kwa sababu litamhusu mtu wa mwambao wetu, kama tutakavyoeleza.

Ama kijana wa pili aliyesema kuwa ni riba, naye hakupatia. Riba ni ziada iliyoshurutishwa katika deni, au kuzidisha katika kubadilishana mali za riba za jinsi moja. Kubandika stempu si katika hayo. Pale alipokuwa na haki ya kusimama ni kwenye yale makato ya 2% wakati wa kubadilisha hati ya shilingi kwa shilingi. Jopo la Fiqhi la Kiislamu la nchi za OIC, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilipitisha kuwa pesa za karatasi zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Kwa msimamo huo, ikiwa hati ni shilingi ileile kwa sura nyingine, makato hayo yana shubuha isiyopuuzwa. Ikiwa ni ada ya kazi iliyofanyika hasa, hukumu yake ni nyingine. Mufti hana budi kuuliza kabla ya kujibu.

KUWEKA AKIBA NA KURUNDIKA

Kosa la ndani zaidi la Gesell na wafuasi wake ni kutotofautisha baina ya kuweka na kuzuia. Kwao, kila pesa iliyotulia ni pesa mgonjwa. Dini yetu imepambanua.

Nabii Yusuf (A.S.), katika Sura inayoitwa kwa jina lake, aya ya 47 na zinazofuata, aliwaelekeza watu wa Misri walime miaka saba na waache mavuno katika mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula, kwa ajili ya miaka saba ya shida. Hiyo ni akiba, tena ya umma mzima, na Qur'an imeitaja kwa sifa. Mtume (S.A.W.) imepokewa katika Sahih al-Bukhari kwamba aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Na alipotaka Sa'd bin Abi Waqqas (R.A.) kuusia mali yake yote, Mtume (S.A.W.) alimwekea mpaka wa theluthi, akamweleza kuwa kuwaacha warithi wakiwa wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu.

Jambo hili lilijadiliwa na Maswahaba wenyewe. Abu Dharr al-Ghifari (R.A.) aliishika aya ya 34 ya Surat at-Tawba, inayowaonya wanaorundika dhahabu na fedha, akaona kuwa inatuhusu sisi pia. Muawiya (R.A.), alipokuwa gavana wa Sham, alisema kuwa imeteremka kwa Watu wa Kitabu. Abu Dharr akashika msimamo wake, na mwisho wake aliishi ar-Rabadha mpaka akafariki huko mwaka 32 Hijria. Jumhuri ya wanavyuoni walichukua kauli ya Abdullah bin Umar (R.A.) kwamba mali iliyotolewa zaka yake si katika kile kinachoitwa kanzi, hata ikiwa imefukiwa ardhini.

Hatumtaji Abu Dharr (R.A.) ili tumfananishe na mtu wa Buenos Aires. Tunamtaja kwa kuwa swali la Gesell liliulizwa Sham karne kumi na tatu kabla yake, na Umma ukalijibu kwa kulinda mambo mawili kwa pamoja: haki ya mwenye mali kuweka, na haki ya fukara ndani ya kile kilichowekwa. Anayeifuta ya kwanza amewadhulumu wenye hofu ya kesho. Anayeifuta ya pili amemdhulumu fukara.

Na ile hoja ya Lietaer ya mti? Mtu anayeikimbia noti yake si lazima akimbilie mti. Aghlabu atakimbilia kununua kile asichokihitaji, na huo ni israfu iliyokatazwa. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Anas (R.A.) iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, alimwelekeza aliye na mche mkononi, Kiama kikiwa kinasimama, aupande akiweza. Mpandaji huyu hana faida ya benki anayoitarajia wala noti anayoikimbia. Anapanda kwa sababu ameamrishwa. Na pale Umar (R.A.) alipopata ardhi ya Khaybar na kuuliza afanye nini, Mtume (S.A.W.) alimshauri azuie asili yake na kulitoa sadaka tunda lake. Hiyo ndiyo wakfu: haiuzwi, haitolewi, hairithiwi. Kutazama mbali tulikokutafuta tulikupewa katika ardhi iliyozuiliwa na nia iliyotakasika, na pesa ikaachwa ifanye kazi yake ya kupima.

HATI ZA AL-JAR NA PESA ZA MTAANI

Tumesema litamhusu mtu wa mwambao wetu. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha zilizoitwa Bangla-Pesa, wakilipana wao kwa wao pale shilingi zilipoadimika. Haukupita muda mwanzilishi na baadhi ya wanachama walikamatwa, na baadaye mwaka huohuo mashitaka yakafutwa. Mpango ule ulikua, ukahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, na ikafika wakati salio likawa linakatwa 2% kila mwezi. Wazo la Gesell likawa limefika kwa mama muuza mboga wa mtaani.

Watu wa mitaa kama hiyo huswali nyuma yetu, na huja kutuuliza. Historia yetu ina mfano wa kutusaidia. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba katika zama za Marwan bin al-Hakam, watu wa Madina walitolewa hati za chakula cha al-Jar, bandari ya Bahari ya Sham. Watu wakawa wanauziana hati hizo kabla ya kukipokea chakula chenyewe. Zayd bin Thabit (R.A.) na Sahaba mwingine wakamwendea Marwan na kumkanya, naye akatuma askari wakazikusanya hati mikononi mwa watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Tuzingatie: Masahaba hawakukataza hati kwa kuwa ni karatasi. Walikataza kuuza chakula kabla ya kukipokea. Na hati hazikuchomwa, zilirudishwa kwa wenye haki.

Kwa hiyo imamu akiulizwa kuhusu vocha ya mtaani, na aulize mambo matatu. Kwanza, je, ni dai la chakula maalumu ambacho hakijapokewa, au ni pesa ya kununulia kila kitu? Pili, ikibadilishwa kwa shilingi kunakuwa na ziada au punguzo, na la nini? Tatu, makato yanakwenda wapi, na wanachama wameyaridhia kwa kuyajua? Akishapata majibu, ndipo aseme halali au haramu. Na kwa vyovyote vile, amwambie muulizaji kuwa makato hayo hayamtoi katika zaka ikiwa mali yake imefika nisabu na kupitiwa na mwaka.

LAWAMA INAYOTURUDIA SISI

Ndugu msomaji, ingekuwa rahisi tuishie hapa, tukiwa tumeshinda hoja. Lakini uadilifu unatutaka tuseme na lile linalotuuma.

Meya wa mji wa watu elfu chache, asiye na Qur'an wala Muwatta, aliwaona watu wake hawana kazi, akachukua kitabu alichokiamini, akakitekeleza kabla ya mwezi kuisha. Sisi tuna vitabu kumi vinavyoeleza zaka, na tunajua kwa hifdhi aina nane za wanaostahiki. Lakini ni misikiti mingapi inayo daftari la mafukara wa mtaa wake? Ni wafanyabiashara wangapi wanaohesabu bidhaa zao mwaka unapotimia, badala ya kugawa sarafu mlangoni mwezi wa Ramadhani? Ni mashamba mangapi ya wakfu, yaliyoachwa na wazee wetu kwa ajili ya visima na vyuo, ambayo leo minazi yake imezeeka na mipaka yake imesahauliwa, na hakuna aliyepanda mche mpya?

Kijana wetu aliposema "wameichukua zaka yetu," tulimjibu kuwa hakuna aliyeichukua. Tumeiweka chini wenyewe, na wengine wakiona pengo wakatafuta cha kulijaza. Na akija kesho kijana mwingine akivutiwa na ndoto za Bellamy au stempu za Gesell, tusimkaripie. Tumuulize: msikiti wako ulikusanya zaka kiasi gani mwaka huu, na nani aliyetoka katika ufukara kwa sababu yake? Akishindwa kujibu kwa kuwa sisi viongozi wake hatuna jibu, basi aibu si yake.

Tunalopendekeza ni jambo dogo ambalo kila msikiti unaliweza kabla ya Ramadhani ijayo: daftari la wanaodaiwa zaka na wanaostahiki, watu watatu waaminifu wa kulisimamia, hesabu isomwe hadharani, na kila kipande cha ardhi ya wakfu kipimwe upya na kupandwa. Watu wa Pangoni walimtuma mmoja wao tu na sarafu moja, na wakamuusia asafishe anachokileta. Nasi tuanze na sarafu tuliyo nayo mkononi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.